Karanga za Kura

Sogeeni, wanangu, maana sauti imeanza kunikimbia. Anton, kaa hapa kichwani. Marcelina, Dionis, nishikeni mkono.

Shamba la Tura ni lenu nyote, baiskeli ni ya Dionis, vitabu ni vya Marcelina. Hayo ni mepesi. Zito ni hivi vibuyu viwili.

Babu yenu, aliyekuwa mpagazi wa njia ya pwani, alinieleza jinsi wapagazi walivyomchagua wenyewe kirangozi, kiongozi wa msafara wao, na akiwapoteza porini walimvua kilemba wakamvika mwingine. Nikawafundisha hivyo watoto wa darasa langu: kila mmoja adondoshe karanga moja katika kibuyu cha amtakaye awe kiranja, tuhesabu mbele ya wote, kisha tuzikaange tule pamoja. Mwaka ule walisimama Paskazia na wewe, Anton. Niliona haya mwana wa mwalimu kushindwa na binti wa mchunga ng'ombe, nikavipeleka vibuyu jikoni, nikahesabu peke yangu, nikazikaanga karanga zote, ndipo nikatoka nikasema, "Anton." Zako zilikuwa tisa, mwanangu. Zake ishirini na nane. Watoto walijua, wakatafuna kimya. Samaki hukunjwa angali mbichi, na siku ile niliwakunja.

Sasa serikali inaandikisha wapiga kura, na wanafunzi wangu wale, leo watu wazima wenye watoto, wananijia: "Shikamoo, Mwalimu. Tumpe nani?" Nikiwaambia wachague wenyewe wanacheka, wanadhani nawapima. Juzi nilimwita Paskazia, mkunga wa misheni, nikamwomba radhi, nikamsihi ajiandikishe. Akainama kwa adabu: "Nimekusamehe, Mwalimu. Lakini karanga iliyokaangwa haioti." Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi sitamtaja atakayeiongoza nyumba hii. Mchagueni. Kibuyu hiki cha Anton, hiki cha Marcelina. Karanga hizo kwenye ungo. Nageukia ukutani nisione.

Mbona sisikii karanga ikidondoka? Umesemaje, Dionis? "Utakalosema baba ndilo"? Hata wewe, Marcelina?

Nami nilidhani nimewakunja watoto wa watu tu.

Mungu awabariki, wanangu, awape moyo niliowanyima. Nizikeni karibu na mama yenu. Karanga hizo msizikaange... ziacheni mbichi... Bado nasikiliza. Dondosheni hata moja... hata moja tu, niisikie...