Mhadhiri Aliyeonywa kwa Kuchezesha Wenzake

Wasikilizaji wapendwa, leo mtaniwia radhi, sauti yangu haitakuwa tulivu. Jumamosi tulimzika Daktari Nyamoita Omosa kule Nyaramba, na bado nina hasira.

Nyamoita alikuwa mhadhiri wa hisabati. Kwa miaka kumi na saba alifundisha katika chuo kikuu kimoja cha hapa kwetu. Chuo sitakitaja. Wenyewe wanajijua.

Mwaka juzi aliona wenzake wamechoka. Wanaingia darasani, wanatoka, hata hawasalimiani. Mmoja wao, Geoffrey Okemwa, alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. Basi Jumatano moja, saa nne, wakati wa chai, Nyamoita akatoka nje na mpira wa soksi. Akawaambia, "Haya, madaktari na maprofesa, tucheze kati!"

Ndiyo, kati. Ule mchezo wa shule ya msingi, wa kumlenga kwa mpira aliye katikati.

Walimcheka. Kisha wakavua viatu, wakacheza. Jumatano iliyofuata wakarudi, na nyingine, na nyingine. Wakaanza kutembeleana madarasani, wakabuni na michezo ya kufundishia. Geoffrey aliniambia, "Ile barua niliichana. Nilikuwa nimesahau kwamba naipenda kazi hii."

Mkuu wa kitivo akamwandikia Nyamoita onyo. Kosa? Kushusha hadhi ya wahadhiri. Kushusha hadhi! Akamwondoa darasani, akampeleka kupanga faili za mitihani. Mwaka mzima, wasikilizaji. Mwalimu wa hisabati anapanga faili.

Mumewe, Duncan, anasema: "Alikuwa akirudi, anakaa tu na koti lake. Namuuliza, 'Mama Gesare, umekula?' Ananijibu, 'Leo sijafundisha mtu.'"

Sisemi onyo lilimuua. Daktari wa hospitali alisema ni moyo. Nasema mwaka wake wa mwisho waliuharibu.

Halafu mazishini mkuu yuleyule akashika maikrofoni, akasifu "ubunifu wa marehemu". Binti wa Nyamoita, Gesare, akasimama.

"Mzee, kwa heshima," akasema, "haya ungemwambia mama akiwa hai."

Mkuu akakunja karatasi yake, akaketi. Hakuna aliyemwonea huruma.

Baba Gesare, Gesare, na familia yote, pokeeni pole zetu. Mungu awatie nguvu.

Nanyi mnaosimamia watu, chuoni, ofisini, dukani: kesho mkiwasikia wanacheka kazini, kabla hamjashika kalamu, jiulizeni mnaogopa nini.