Historia ya Owen Kyule, Mwana wa Mbithi

Marehemu Owen Kyule alizaliwa tarehe 9 Machi 2011, Mbotela, akiwa mtoto wa pekee wa Muthoki, mshonaji nguo, na pia mwana wa Mbithi, dereva wa lori, ambaye ndiye yule ameketi safu ya tatu kando ya mkewe Triza, na ambaye miaka yote amemkana mtoto, basi leo imesomwa mbele ya watu na kipaza sauti hakijaharibika.

Alianza gredi ya kwanza Januari 2018, akafika gredi ya nane, akijua hesabu na kuiga mwendo wa kila mwalimu, kazi yake ikiwa kumtungia mamake uzi kwenye sindano, na ndoa hakuifikia, ingawa kuna msichana amelia hapa tangu asubuhi na hatutamtaja.

Akiwa na miaka saba alitokwa na vinundu vya manjano kwenye viwiko, majirani wengine wakasema ni uchawi, wengine wakasema ni chapati za nyanyake, na hao nyanyake anawajua mlango kwa mlango. Kuanzia Mei 2019 alihudhuria kliniki ya moyo kwa sababu ya maumivu ya kifua, wakawa wanausikiliza moyo, wanampima uzito, wanamwambia arudi, na Muthoki alipoomba damu ipimwe, sista mmoja akacheka, akamwambia, "Mama, mafuta ya damu ni ya wazee wenye vitambi."

Tarehe 14 Juni 2022 Daktari Luseno, mgeni pale, alipandisha mkono wa sweta ya mtoto, akaona vinundu vya kiwiko, akashuku ni mafuta ya damu, akaagiza damu ipimwe siku hiyo hiyo, ikapatikana imejaa mafuta ya kurithi, yaliyotoka kwa wazazi wote wawili, na mishipa ya moyo ilikuwa imeshaanza kuziba. Upande wa Muthoki walipimwa wote bila kuona haya, waliopatikana nayo wakaanzishiwa dawa. Mbithi alipopigiwa simu awalete watoto aliozaa na Triza, Sally na Mugo, alijibu, "Hiyo damu haitoki kwetu," naye tangu tumjue hajawahi kuvaa shati la mikono mifupi, hata jua likiwaka kama leo.

Kyule alimeza dawa, akaacha chapati, akamwambia nyanyake, "Usijilaumu, nyanya, hii nilizaliwa nayo," na kwenye foleni ya kliniki akawa anawapandishia watoto wadogo mikono ya sweta na kukagua viwiko, huku Daktari Luseno akiwasumbua wakubwa wake, mpaka Februari mwaka huu wakakubali kwamba kila mtoto anayeingia pale, awe mnene au mwembamba, apimwe mafuta ya damu, na wawili wamepatikana mapema. Yeye alikuwa amecheleweshwa, na moyo wake ulisimama nyumbani tarehe 3 Oktoba 2025.

Familia inamshukuru Daktari Luseno, walimu, wateja wa Muthoki, na majirani waliopika, hata wale wa uchawi, maana wamekula pia. Mbithi hashukuriwi. Wewe Triza, mama, huna kosa, kwa hivyo uambiwe wazi, kliniki hupokea watoto Jumanne asubuhi, wapeleke wako, na mkifika nyumbani mwambie mumeo avue shati.

Kyule, pumzika kwa amani, na baba yako asipumzike hata kidogo mpaka hao wawili wapimwe.