Bi Tabu Mshamu na Kazi Nyingine ya Vihela

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Bi Tabu Mshamu atavua aproni yake kwa mara ya mwisho katika Karakana ya Champsi hapa Kibiti, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Aliingia akiwa binti mwenye sauti kubwa na magunia mawili. Anatoka akiwa bibi wa wajukuu na msimamizi mkuu wa uzalishaji. Sauti haijapungua. Nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu kwa kuwa meza yangu imekuwa jirani na yake miaka mingi, na pia, nasikia, kwa sababu mwenyewe alisema asiandikiwe na mtu wa ofisini.

Bi Tabu ni mzaliwa wa Kiongoroni, kule kwenye delta ya Mto Rufiji. Mwaka 1989 alikuja Kibiti kuuza vifuu vya nazi, alivyovitoa kwao kwa mtumbwi hadi Nyamisati na kuvipandisha kwenye lori. Wakati huo karakana yetu ilikuwa banda moja tu, ikitengeneza vifungo vya nguo na kete za drafti. Mzee Champsi, mwanzilishi wetu, alitazama mzigo akasema vifuu vingi vina nyufa. Bi Tabu hakukubali. Alivimwaga vyote barazani na kubishana naye kifuu kwa kifuu mpaka adhana ya adhuhuri ikawakuta bado wamechuchumaa. Mwisho mzee akasema mtu mbishi namna hii ni heri awe upande wake, akamwajiri papo hapo awe mpokeaji wa vifuu vya watu wengine. Wauzaji wa zama zile hawajamsamehe hadi leo.

Kutoka kwenye mapokezi alihamia kwenye kukereza mbao. Alijifunza mpingo, ambao ni mgumu na hula patasi, na mkomafi wa mikokoni, wenye wekundu wake wa chai ya rangi. Akaolewa na Bwana Badru, mkulima wa Mtunda, ambaye kwa miaka mingi alimleta kazini kwa baiskeli, naye Bi Tabu akiwa nyuma anamwelekeza pa kupita.

Mwaka 2007 Mzee Champsi alirudi kutoka Dar es Salaam akatangaza kwamba tumepata oda kubwa ya chipsi. Mama lishe wetu akauliza viazi vitatoka wapi. Kumbe zilikuwa chipu za poka, vile vipande vya mviringo ambavyo wacheza karata wa mahotelini huviweka mezani badala ya fedha. Tangu siku hiyo, ili jiko lisichanganywe na karakana, tukaviita vihela.

Kwa wageni wetu wa leo ambao hawajapata kuingia ndani, nieleze kidogo. Kihela cha mti hukatwa kwenye gogo lililokerezwa, kikapigwa msasa na kuchorwa kwa chuma cha moto. Siku hizi tunatumia leza. Cha plastiki ni chepesi kukitengeneza: plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya kalibu, ikazunguka kisahani cha chuma kinachokipa uzito, kikipoa kinabandikwa nembo. Cha udongo ndicho kinachotoa jasho. Udongo mweupe huchanganywa na unga wa kugandishia, ukasukumwa na kukatwa kama chapati. Ukingoni huchongwa mapengo na kujazwa vipande vya rangi nyingine. Juu na chini huwekwa karatasi yenye nembo, kisha vyote hugandamizwa pamoja kwenye kalibu ya moto. Moto ukizidi, nembo inaungua. Ukipungua, kihela kinamegeka kama kashata.

Miezi ya mwanzo tulitengeneza kashata nyingi. Bi Tabu alipokabidhiwa mashine ya kugandamiza, aliivumilia kama mtoto mkorofi mpaka ikamzoea. Vihela vikitoka alikuwa akivimimina mezani kutoka kiganjani na kusikiliza. Vikilia kwa mlio mzito, wa kopo lililojaa, alivipitisha. Vikilia kama bati, vilirudi kusagwa.

Kila mteja alitaka sura yake. Mmoja alitaka kanga, mwingine jina la hoteli kwa maandishi ya mlazo. Hoteli moja ilitaka kiboko wa Rufiji, na Bhavik, mtoto wa Mzee Champsi, ndiye aliyechora. Mchoro ulipobandikwa ukutani, wafanyakazi walitazamana. Alikuwa nguruwe, na nguruwe mnene. Hapakuwa na mtu aliyetaka kumshika, wala aliyetaka kumwambia mtoto wa bosi. Bi Tabu akamsogelea Bhavik na kumshauri taratibu: "Mtie maji mpaka kifuani, baba. Nguruwe hasimami hivyo." Maji yakachorwa, hoteli ikafurahi, na kiboko yule tulimpiga chapa mwaka mzima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila mtu wa karakana hii analijua, na ambalo Bi Tabu ameniruhusu kuliandika.

Mwaka 2012 alisafiri na Bhavik kupeleka mzigo Dar es Salaam. Siku zote tulikuwa tumechukulia kwamba vihela ni mchezo wa wageni wenye nafasi zao, wanaopoteza wanachoweza kukipoteza. Bi Tabu alikuwa hajawahi kuingia kwenye kasino. Siku hiyo msimamizi wa ukumbi aliwakaribisha ndani waone vihela vyao vikifanya kazi. Kwenye meza ya tatu alimwona mtu wa kata yao ya Mtunda, jirani wa shamba, aliyekuwa amekwenda mjini kuuza ufuta wa familia yake. Mbele yake palikuwa na vihela vya kijani, vile ambavyo Bi Tabu alikuwa amevigandamiza kwa mikono yake mwezi uliotangulia. Alimtazama akivisukuma mbele, vikaondoka vyote kwa mkupuo mmoja. Yule bwana hakumwona. Bi Tabu akatoka nje akamsubiri Bhavik kwenye gari.

Njia nzima ya kurudi hakumwelekeza Bhavik pa kupita hata mara moja, na anayemjua atafahamu uzito wa hilo. Nyumbani alimweleza mumewe. Bwana Badru hakumwamrisha lolote. Alimwambia tu kwamba aliyeyaona ni yeye, na mwenye kuamua ni yeye. Mke wa yule jirani alikuwa akija kwao kuazima kinu, na Bi Tabu hakujua atamtazamaje usoni.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Mzee Champsi. Mlango ulikuwa wazi, nasi tulisikia. Alisema hatagandamiza tena vihela vya kamari. Yuko tayari kurudi kwenye kerezo, au kufagia, au kwenda zake. Mzee alikuwa mtu wa dini yake na mwenye heshima zake, lakini oda za kasino ndizo zilizokuwa zikilisha karakana nzima. Alijibu bila kupandisha sauti.

"Bi Tabu, sisi tunatengeneza kipande cha udongo tu. Mtu akienda kukifanyia upumbavu, hilo ni lake. Hata kisu kinaua."

"Kisu kinamenya muhogo, mzee," akasema Bi Tabu. "Hiki kina kazi gani nyingine?"

Mzee akamwambia: "Basi kitafutie."

Alimwondoa kwenye mashine siku hiyo hiyo na kumrudisha kwenye kerezo, ngazi ile aliyokuwa nayo kabla ya 2007. Haukuwa wakati mzuri. Wapo wenzetu walionuna, wakaona kama amewahukumu wao waliobaki kwenye mashine, nao pia walikuwa na watoto wa kulisha. Bi Tabu hakumhubiria mtu. Alikula nasi mezani kama kawaida, alicheka nasi, na mtu akimuuliza alisema kila mmoja ana roho yake. Mzee Champsi ndiye aliyekuwa akipita mbele ya meza yake bila kusimama. Masika yote yakaisha hivyo.

Lakini neno "kitafutie" alikuwa amelichukua kama kazi. Alitengeneza vihela vya mti vya namba kwa ajili ya foleni za zahanati. Alitengeneza vya plastiki vya kudai sahani ya pilau kwenye harusi, vyenye majina ya bwana na bibi harusi, na hivi vilipendwa kupita kiasi hadi watu wakawa wanaondoka navyo, na maharusi wakalazimika kuagiza zaidi. Zilikuwa kazi ndogo ndogo. Bhavik alizipokea kwa hisani zaidi kuliko kwa matumaini.

Mnamo 2019 akaja Mwalimu Tanzila kutoka Utete. Alikuwa akifundisha darasa la watoto wasioona, na alikuwa amepokea vifaa vya kuhesabia vya rangi nzuri sana: nyekundu ni moja, buluu ni kumi, njano ni mia. Alivimwaga mezani kwa Bi Tabu na kumweleza tatizo kwa upole. Watoto wake hawana habari na nyekundu. Akauliza kama tunaweza kutengeneza kitu ambacho mkono utakitambua.

Bi Tabu aliinuka, akazunguka karakana akiokota mabaki. Akampa mwalimu kifuu, kilicho chepesi na chenye ubavu wa kukwaruza. Akampa mkomafi, laini na wenye joto la mti. Akampa kihela cha udongo, kizito na baridi. Mwalimu akafumba macho. Hakukosea hata kimoja. Wakakubaliana hapo hapo: kifuu kitakuwa moja, mkomafi kumi, udongo mia, na cha plastiki chenye chuma ndani kitakuwa elfu. Kila aina ichongwe mapengo ya idadi yake ukingoni, ili hata mwenye vidole vilivyokufa ganzi asipotee. Kwa mara ya kwanza katika historia ya karakana hii, mafundi wa mti, wa plastiki na wa udongo walifanya oda moja pamoja. Na Bi Tabu akaiwasha tena mashine aliyoiacha miaka saba nyuma.

Mwaka uliofuata ugonjwa wa korona ulifunga mahoteli. Oda za kasino zilikatika ndani ya wiki moja, na vihela vilivyokuwa tayari vikabaki stoo. Bhavik, aliyekuwa amekwishapokea uongozi kutoka kwa baba yake, alituita uani, akatuambia ukweli kwamba hajui kama tutafika mwisho wa mwezi. Bi Tabu akasimama na kusema ana maombi ya shule nne ambayo hajapata watu wa kuyafanyia kazi. Mwalimu Tanzila alikuwa amewaonyesha walimu wenzake, nao wakawaonyesha wengine. Hata madarasa ya watoto wanaoona yalivitaka, maana mtoto akishika mia akasikia uzito wake, hasahau. Asubuhi iliyofuata waliokuwa wamenuna walikuwa wa kwanza kwenye mashine. Hakuna aliyepunguzwa kazi. Leo tunapeleka vifaa hivyo mikoa tisa. Kasino zilipofunguliwa na wateja wa zamani wakapiga simu, Bhavik aliwajibu mwenyewe kwamba mashine ina shughuli, na tangu hapo akamfanya Bi Tabu msimamizi mkuu.

Isidhaniwe kuwa tumeishi na malaika. Bi Tabu hapendi redio kazini, ila yake. Umeme ukikatika huulaumu uzembe wa aliye karibu. Amewahi kunirudishia boksi zima nilipake upya kwa kosa la kihela kimoja, nami nilipobisha alinikumbusha kwamba kubisha ni fani yake. Waliopita mikononi mwake, akiwemo Bi Mwanabibi anayeshika nafasi yake, wanajua kusikiliza kihela kikilia, na wanajua kufunga kazi bila kuacha vumbi.

Jumanne iliyopita Mzee Champsi alikuja kutoka Dar es Salaam, anakoishi siku hizi, kumuaga. Sasa anatembea kwa mkongojo na mlezi. Tulimwandalia kiti ofisini, akakikataa. Akaenda kukaa mezani kwa Bi Tabu na kuomba aonyeshwe jinsi ya kuchonga pengo la ukingoni. Akapewa tupa na kihela cha mkomafi. Akiwa ameinama hivyo, akasema: "Mwaka ule nilikukasirikia kwa sababu sikuwa na jibu. Nimekaa nikijiuliza kama ningekuwa na moyo wa kufanya ulivyofanya."

Macho ya Bi Tabu yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyafuta. Kisha akakichukua kile kihela, akapitisha kidole ukingoni, akakitupa kwenye kapu la vibovu, na kumpa mzee kingine.

"Shika tupa wima, mzee," akamwambia. "Tuna muda."

Wakachonga pamoja mpaka saa ya chakula.

Bi Tabu, umetufundisha kazi, na umetufundisha kuiuliza kazi swali. Tunakushukuru wewe, na tunamshukuru Bwana Badru kwa kutuazima mkewe miaka yote hii. Nenda Mtunda ukapumzike, ukawalee wajukuu na kuubishia mpunga wako. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe riziki ya halali kama uliyoitafuta, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na nyepesi. Karakana hii ni kwako. Ukija, njoo na kelele zako.

Nassibu Kibwana
Idara ya Rangi na Nembo, kwa niaba ya wafanyakazi wote