Enyonam Kpodo, Mwonja Bahari

Waombolezaji, niwieni radhi mapema, familia hii ina walimu wanne na shemasi, ikaniteua mimi Elikem, mdogo wa marehemu, mchekeshaji wa jukwaani, nami nitasoma wasifu huu vibaya kwa kuwa nina hasira.

Marehemu Dokta Enyonam Kpodo alizaliwa hapa Keta tarehe 14 Machi 1968, mama yetu akiwa mvuna chumvi wa wangwani, akasoma sekondari mjini Ho na elimu ya bahari Accra, na mwaka 1996 akaajiriwa katika kituo cha uchunguzi wa bahari, Tema. Tarehe 6 Desemba 1998 alifunga ndoa na Mwalimu Dotse Amewu, wakajaliwa Sena na Makafui, watoto waliozoea kuulizwa mezani mchuzi una gramu ngapi za chumvi kwa kilo.

Tangu 2010 alilinganisha chumvi ya uso wa bahari inayosomwa na setilaiti na ile iliyopimwa majini, kwani setilaiti husoma maji ya juu kabisa, unene wa kidole, tena kwa kukisia kutoka angani, basi pasipo boya lenye kipimo huwezi kujua kama imesema kweli.

Na boya lake, alilolitia nanga hapa mbele yetu, enyi wavuvi wa Keta, mkaligeuza kigingi cha mitumbwi! Mzee Tsatsu, mkuu wenu, huyo hapo mstari wa pili, alimwambia marehemu ufukweni, "Dokta, jicho lako liko juu linaona kila kitu, boya la nini? Tuachie, samaki wanapenda kivuli chake."

"Tsatsu, ukisimama barabarani utajua mchuzi wa mkeo umekolea? Si mpaka uonje? Boya ndilo linaloniambia maji matamu ya mito yametanda, ya chini yenye chakula cha samaki hayapandi, dagaa hawaji. Mnajiharibia wenyewe!"

"Mke wangu hapiki boya, dokta."

Mkacheka.

Tarehe 9 Juni mwaka huu, mvua zikiwa zimepamba moto, boya likanyamaza, kamba ya mtumbwi ilikuwa imeng'oa kipimo tena, na marehemu, aliyekuwa kitandani na homa ya mapafu, alikatazwa na daktari kutoka, akajibu kwamba mafuriko haya hayatangoja apone, akapanda boti, akafunga kipimo kipya kwa mikono yake, akarudi akitetemeka, akalazwa, akafariki tarehe 17 alfajiri. Boya linatuma vipimo hadi sasa, na atakayelifunga kamba tena nitamfunga yeye palepale, tuone kama samaki watapenda kivuli chake.

Tunawashukuru madaktari, ambao hawakusikilizwa, majirani, waliopika siku zote, na wafanyakazi wenzake, mlioleta shada kubwa kuliko boti mliyompa.

Jana matangani tulikula akple, ugali wetu wa mahindi, na samaki wanono, nikauliza wamevuliwa wapi, nikaambiwa, "Pale boyani, kaka, wapi tena?", nikalaani, nikatukana ukoo mzima wa Tsatsu, kisha nikaomba kipande cha pili.

Pumzika kwa amani, dada yangu, wala usinisogelee, maana mdomo wangu bado unanuka boya lako.