Kahigi Bado Anakoroma

Jumapili baada ya misa, mwaka hamsini na nne, mabenchi yetu mawili pale Nkwenda yalikuwa bunge, na spika hakuhitajika. Mimi nilikuwa nimerudi na diploma na suruali moja ya kupiga pasi. Bomani waliniambia nisubiri kazi. Nikasubiri kijiweni, nikitafuna buni. Kwetu kahawa haihitaji kikombe: tunda linachemshwa, linakaushwa, unapewa kiganjani, unatafuna. Kulia kwangu alikaa Rwegoshora, tuliyemwita Koplo, aliyerudi kutoka vita vya Burma na kofia ya jeshi. Kushoto Rugemalira, Mizani, anayepima kahawa ya ushirika. Nyuma yetu, kwenye benchi la pili, Kahigi alilala chali, anakoroma.

Koplo alikuwa amevuka kutoka Uganda na kichupa cha vidonge vya usingizi. Kahigi hakuwa mgonjwa. Alivimeza kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa starehe tu. Alisema magoti yake yamekuwa ndizi mbivu, akacheka, ulimi ukawa mzito, akasahau kwamba amekwisha kumeza, akaomba tena. Koplo akampa.

— Msikilizeni huyo dume, alisema Koplo. Mzungu akimeza kimoja anamlilia mama yake.

— Mzungu ana damu ya chai, alisema Mizani. Sisi tumezaliwa na buni mdomoni.

Akatufafanulia. Usingizi una uzito wake, kahawa ina uzito wake. Weka huku, weka huku, mshale unasimama katikati. Ndiyo maana alimjaza Kahigi buni shavuni kabla hajalala. Nikaona msomi asipitwe.

— Scientifically, nikasema, kidonge kinashika ubongo, buni inashika moyo. Vikikutana shingoni vinapishana kwa adabu.

Nani angebishana na diploma? Koplo akapanda juu zaidi: gunia moja la buni ya Kaisho likipelekwa kila hospitali ya Malkia, wauza majeneza watakufa njaa. Mizani akaapa kwamba Mnyambo halisi, mtu wa kabila letu, hawezi kuuawa na usingizi, haujazaliwa usingizi huo. Hata watoto wetu wanalala jicho moja likilinda ng'ombe. Tulijisikia wakubwa, waitu, ndugu zangu. Nchi ina magavana, sisi tuna buni.

Hapo akafika Kemilembe, mke wa Kahigi, na kikapu chake.

— Shikamooni.

Koplo akaitikia marahaba kwa sauti ya gwaride, akamwambia ajivunie, mumewe amewashinda Wazungu. Kemilembe hakumtazama. Alitazama benchi la nyuma.

— Ameacha kukoroma tangu saa ngapi?

Koplo akamtazama Mizani. Mizani akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini, maana sauti niliyokuwa nikiisikiliza muda wote ilikuwa yangu.

Kemilembe alikwishapiga magoti. Akaingiza kidole kinywani mwa mumewe, akachokoa buni moja, nyingine, bonge zima lenye mate. Akamgeuza ubavu. Midomo ya Kahigi ilikuwa na rangi ya majivu. Akalowesha vidole, akaviweka chini ya pua.

— Ipo, alisema. Ila mpora. Pole pole mno.

Machela ya kijiji ilikuwa mbali, kwa mkuu wa wabebaji wa wagonjwa. Mizani ndiye aliyeinama kwanza. Tukainua benchi lenyewe, Kahigi juu yake, tukashika njia ya zahanati ya misheni. Kofia ya Burma ilianguka, na Koplo hakugeuka. Kemilembe alichomoa kichupa mfukoni mwa Koplo.

— Hiki nacho kinakwenda kwa daktari. Na utamwambia wewe mwenyewe alikunywa na nini.

Kisha akaniambia mimi msomi nitembee upande wa kichwa, niseme kila kifua kinapopanda. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nipate diploma.

— Ipo, nikasema.

Tukapita migomba.

— Ipo.

Na kati ya neno na neno, sisi watu wa kahawa, hakuna aliyethubutu kupumua.