Mama Goodhope na Mabakuli ya Samaki Yaliyotushinda Madereva

Tarehe 31 Disemba 2025, Bi. Marselina Abeli, ambaye hapa kambini kwetu Mikumi hata meneja anamwita Mama Goodhope, anavua aproni baada ya miaka ishirini na saba jikoni. Wasifu huu nimepewa niuandike mimi Samson, dereva wa watalii, kwa sababu mbili: naandika vizuri kuliko madereva wote, na nina kosa la kukiri.

Alizaliwa Kilosa mjini, mjukuu wa fundi wa reli. Alianza hapa mwaka 1998 kwa kuosha masufuria, na baada ya miaka mitano akakabidhiwa jiko la asubuhi, yaani chakula cha boksi cha wageni wanaoshinda mbugani: paja la kuku, yai la kuchemsha, keki kavu na ndizi. Mimi nimetembea. Nimefika Arusha, Mombasa, na mara moja uwanja wa ndege wa Addis Ababa, na nawaambieni boksi ni lile lile kila mahali. Hata nyani walikuwa wamelichoka.

Mwaka 2018 akaja mgeni kutoka Jamaika, mpishi kwa kazi yake, mwanamke wa kicheko kikubwa. Siku ya pili akaomba kuingia jikoni. Mkalimani nilikuwa mimi; Kiingereza changu kilipoishia, mikono ilimalizia. Alipopika wali wa tui la nazi na maharage mekundu, Mama Goodhope alicheka: "Samson, mwambie dada huyu shangazi yangu wa Msowero alimtangulia!" Lakini samaki wa namna ile hakuwahi kuwaona popote. Perege waliolazwa kwenye ndimu, tangawizi, karafuu, pilipili mbuzi na sukari kidogo, kisha wakachomwa. Pembeni ndizi mzuzu za kukaanga na kachumbari ya embe. Vyote ndani ya bakuli moja, na mabakuli ya siku tatu yanapikwa kwa mkupuo, yanapozwa haraka, yanafungiwa kwenye friji.

Mgeni akaondoka, vita ikaanza. Mama Goodhope akawa anapika Jumapili na Jumatano, na sisi madereva tukasema hicho ni kiporo. Kiporo cha samaki! Kiporo mtu unakula kwako, na chai, mlango umefungwa. Siyo mbele ya wageni. Kelele kubwa ilikuwa yangu. "Shikamoo mama, lakini mimi kiporo sili," nilimwambia mbele ya jiko zima. Akaitikia marahaba, akaendelea kufunga vifuniko.

Mabakuli yetu yakawa yanarudi yamejaa. Meneja akampa wiki moja: yakiendelea kurudi hivyo, jiko la asubuhi linachukuliwa na mpishi mwingine kutoka Morogoro, na yeye anarudi kwenye masufuria. Miaka ishirini ya mama wa watu ikawa inategemea matumbo yetu yenye kiburi.

Alhamisi ya wiki hiyo, katikati ya mvua za Machi, gari langu likazama kwenye tope jeusi la uwanda wa Mkata na wageni wawili ndani. Nani alikosea njia, sitasema. Saa sita wageni wakafungua mabakuli yao, vijiko tu vinasikika. Langu nililiacha jikoni makusudi. Saa nane, njaa inaniuma, nikainua kiti cha nyuma kutafuta koleo, nikakuta bakuli. Juu ya mfuniko Mama Goodhope ameandika: "Samson. Limepikwa Jumatano. Mwisho Ijumaa. Pilipili kidogo, ana vidonda vya tumbo."

Habari ya vidonda nilimwambia mara moja tu, zamani sana.

Nilikula nimesimama topeni. Wali umekunywa viungo vyote, samaki mtamu kuliko wa siku hiyo hiyo. Nililamba mfuniko. Wageni wakapiga picha.

Jioni, gari likiwa limenasuliwa, nilisimama mlangoni pa jiko na mabakuli matatu matupu, nikatangaza kwa sauti ile ile niliyomdharau nayo: "Mama, nisamehe. Na nyie madereva, asiyetaka lake anipe mimi!" Yeremia, mwenzetu mwenye maneno, akadakia: "Weee, langu usiguse!" Ijumaa halikurudi hata moja limejaa, na wa Morogoro hakuitwa.

Leo wageni wanaulizia bakuli kabla ya simba. Lightness, aliyefundishwa na Mama kwa miaka minne, ndiye anayeshika jiko. Sheria kuu ameshairithi: anayeonja kwa kidole anapigwa mwiko, na meneja wetu ni shahidi, alishapigwa.

Sasa, ndugu waalikwa, chakula cha sherehe hii kimepikwa na madereva. Ndiyo, sisi! Tumekipika jana mchana, perege wa Kidatu na mchele wa Kilosa, Lightness akitugombeza kama watoto. Mama Goodhope, usiinuke kwenda kuchungulia jikoni. Keti, funua bakuli lako, ule wa kwanza. Sisi tumesimama hapa tukingoja utasemaje.

Asante kwa kutulisha na kutuvumilia. Nenda Kilosa ukapumzike, afya ikuandame, na maisha yako yawe mema kila siku, mama yetu.