Mzee Nurdini na Swali la Mafaili Mawili

Miaka thelathini na moja Mzee Nurdini Ibrahimu Mbwana amekaa masjala ya Jumuiya yetu ya Maji Tumaini, na tarehe thelathini mwezi huu wa sita anakabidhi funguo. Nimeambiwa niandike mimi Evarista kwa sababu chai yake nimeipika miaka kumi na tisa, na wengine wote walisema wana kazi. Haya.

Alikuja kutoka Kondoa mwaka tisini na nne, huku Miyuji bado kuna mashamba ya mtama, ofisi chumba kimoja na kabati moja. Kazi yake kupokea maombi ya watu wanaotaka kuvutiwa bomba na kuyapanga. Kupanga tu. Anayeona ni rahisi ajaribu: kila mwaka tunavuta nyumba arobaini, na tangu serikali ihamie Dodoma waombaji wamefika karibu elfu mbili. Ukirudisha faili sipo anakufuata mpaka mlango wa choo. Mimi kanifuata.

Mwaka elfu mbili ishirini na mbili akaletwa Frida Mazengo, binti wa kompyuta. Siku ya kwanza alisema anaandika kodi, nusu ya ofisi tukatoka nje tukidhani anatukadiria. Kumbe kodi yao ni maneno ya kuiamrisha mashine. Akatengeneza na klasi, ila haina wanafunzi; ni kama fomu tupu inayoitwa Mwombaji, na kila mtu akiingizwa anakuwa kitu kimoja humo ndani, kina jina, kina nyumba, kina tarehe. Mzee, miaka hamsini na saba, akavuta kiti akakaa pembeni ya yule binti. Tulimcheka kidogo, kusema kweli.

Basi orodha ya kwanza ya kompyuta ikabandikwa ukutani asubuhi. Akaja Mama Penina, mjane, mguu mmoja mbovu, aliomba mwaka elfu mbili kumi na nne. Kwenye kabati la Mzee alikuwa wa nne. Kwenye karatasi alikuwa wa elfu moja mia saba na kitu. Hakulia wala hakugomba. Alimwomba Mzee amsomee tena, labda ni Penina mwingine. Hapo ndipo Mzee aliponyoosha mkono akaibandua karatasi ukutani, mbele za watu.

Meneja wetu, Bwana Elisante, akamwita ndani. Alisema kubandua tangazo la ofisi ni barua ya onyo, na kompyuta haikosei. Mzee akamjibu taratibu, "Haijakosea, bosi. Hakuna aliyeiambia nani atangulie." Akamwonyesha: majina yote arobaini ya juu yaliomba tarehe mosi. Mosi ya mwaka wowote, hata ya juzi. Tarehe ziliingizwa kama maneno, siku mbele kama muhuri wetu ulivyo, na mashine ikazisoma kuanzia kushoto kama mtoto anayesoma herufi. Mama Penina aliomba tarehe ishirini na nane. Kosa lake lilikuwa hilo tu. Meneja akatoa siku tatu orodha irekebishwe.

Mzee akaweka mafaili mawili mezani, la Penina na la mtu mmoja Henry wa mwaka uleule. Frida akaeleza kwamba mashine haiwezi kupanga watu elfu, inachojua ni kuuliza wawili wawili: huyu atangulie, yule atangulie, au wako sawa? Ukiipa jibu la wawili, inawapanga wote. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nikakaa. Wakaandika: angalia mwaka kwanza. Mwaka ukilingana, mwezi. Mwezi ukilingana, siku. Na siku ikilingana? Frida akasema tupange kwa jina, ndivyo wengi wanavyofanya.

Mzee akakataa. "Ina maana Abdulwahab anywe maji kabla ya Ulimboka mpaka kiama? Ulimboka kakosa nini, jina?"

Akageuza faili. Nyuma kuna namba ya penseli: nafasi ya mtu kwenye benchi siku ile aliyokuja. Kumbe miaka yote alikuwa anaandika na hakuna aliyejua. Frida akaongeza hicho kitu kwenye klasi yake, wakaingiza namba za mafaili yote siku mbili, macho mekundu. Ya tatu orodha ikabandikwa, Mama Penina wa nne. Barua ya onyo haikuandikwa.

Sasa hili nililipata kwa Frida, na mimi jambo likinifika halilali. Mzee naye ni mwombaji. Nyumba yake haina bomba, mkewe Bibi Mwantum ananunua maji ya dumu. Aliomba tarehe mosi Aprili elfu mbili kumi na tisa. Kwenye ile karatasi aliyoibandua alikuwa wa kumi na saba. Kwa kanuni aliyoiandika mwenyewe akawa wa mia na sitini na tatu. Na ile karatasi aliisoma kabla hajainua mkono kuibandua.

Mwaka huu tunavuta arobaini, na yeye amefika wa arobaini na tatu. Tukakaa kikao tumpandishe nafasi tatu iwe zawadi ya kustaafu. Frida alisema ni mstari mmoja tu. Mzee akatuuliza, "Na hao watatu, nani atawaambia?" Frida akafunga kompyuta; mimi, na mdomo wangu huu, nikakusanya vikombe.

Kwa hiyo zawadi ni simtanki, lita elfu moja. Tupu. Limeshafikishwa kwake na limewekwa penye kivuli.

Mzee wetu, shikamoo, na asante kwa miaka yote. Nenda upumzike na Bibi. Mungu awape afya, na mwakani maji yakifika, koki uifungue kwa mkono wako mwenyewe.